Kyalo Asiape

Jumatatu, 3 Septemba 1979

Mwethya, kazi yetu ya kusaidiana, leo ilikuwa kwa Wanza. Akina mama tumemaliza mtaro mmoja wa kuzuia udongo na nusu ya mwingine. Ardhi ngumu, majembe yanadunda. Tumeimba mpaka sauti zikatuishia. Mimi ndiye kiongozi wa kikundi, na kiongozi haruhusiwi kuchoka kwanza. Nilichoka kimya kimya.

Nikirudi nimepitia bondeni kukata majani ya ng'ombe. Nimekuta miche ya mkonge imepandwa kando ya mtaro wetu, mstari mzima, udongo bado mbichi. Hakuna mtu anayepanda mkonge hivyo kwa urembo. Huo ni mpaka. Nimejua mara moja ni Kyalo, mdogo wa marehemu mume wangu Nzioka. Nimeng'oa mche mmoja, kisha nikaurudisha. Nataka kwanza nimsikie kwa mdomo wake.

Jumanne, 4 Septemba

Nimemsikia. Alikuwa anatengeneza ua. "Mama Muthama, mtaro ndio mpaka. Wewe uko juu, mimi niko chini. Hivyo ndivyo tuliongea na Nzioka." Alisema bila haraka, kama mtu anayegawa ugali.

Uongo. Mpaka wetu unashuka kutoka barabarani mpaka mtoni. Kushoto ni kwetu, kulia ni kwao. Baba mkwe aligawa hivyo ili kila nyumba ipate kipande cha juu chenye mawe na kipande cha chini chenye maji. Mtaro unakatiza mlima kwa sababu mitaro yote hukatiza mlima. Tulipouchimba, bwana shamba alisema usikatike popote, basi Nzioka na Kyalo wakang'oa miti ya mpaka kwa mikono yao wenyewe ili upite. Sisi wanawake tulipiga vigelegele. Tulisema ndugu hawahitaji miti katikati yao. Wapumbavu sisi. Sasa baba mkwe amekufa, Nzioka amekufa, na bwana shamba alihamishwa zamani.

Watu wa serikali wa kupima mashamba watafika Novemba. Wakishaandika, imeandikwa.

Bondeni ndiko kwenye ndizi, miwa, nduma na kisima. Huko juu ni mawe na upepo. Nikipoteza bonde, kiangazi kikija nitakula nini?

Alasiri darasa la ubatizo. Somo lilikuwa kumwachia Mungu njia zako zote. Nilifundisha vizuri, hata mimi nilijisikia. Lakini Kyalo simwachii hata shina moja la nduma.

Jumapili, 9 Septemba

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nampangia Mungu maneno: bonde ni langu, wewe unajua, mwaibishe Kyalo mbele ya watu. Niliomba hivyo mpaka wimbo wa mwisho.

Baada ya ibada nimemweleza Pasta Musyoka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemwombea Kyalo. Nimemwambia nimemtaja. Akasema kutaja si kuombea. Nimekasirika. Yeye ana mshahara, hali nduma za mtu.

Alhamisi, 13 Septemba

Mbuzi wa Kyalo wameingia kwenye nduma zangu. Hawakuingia, waliingizwa. Nimewafukuza kwa mawe na mmoja anachechemea. Sijuti.

Nimeenda kwa Mzee Nthenge, mkubwa wa ukoo. Nimemwambia aite watu. Amesema wiki ijayo, Jumamosi. Mke wake alinipa uji. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 22 Septemba

Ukoo umekaa nyumbani kwa Mzee Nthenge tangu asubuhi. Nilieleza mambo ya miti ya mpaka. Kyalo akaeleza mambo ya mtaro. Waliuliza mashahidi. Wangu wote wako kaburini, na wake ni wanawe wawili, ambao siku hizo walikuwa bado wanacheza na udongo. Wazee walitafuna maneno mpaka jua likageuka.

Kisha Mzee Nthenge akasema: kithitu.

Mimi kithitu nilikiona mara moja nikiwa msichana, upande wa Kitui kwa mjomba wangu. Kitu kimefungwa kwa ngozi. Mwenye kesi anakipiga kwa kijiti na kusema kama ninadanganya kinile mimi na nyumba yangu. Tulikatazwa kusimama upande upepo unakoelekea. Mwaka haukuisha, nyumba ya yule mwongo ilikuwa imebaki ya panya.

Mzee Nthenge amesema atakayeapa ndiye atakayechukua bonde. Akaniangalia mimi kwanza. Nikamwambia mimi nimebatizwa, siapi kwa kitu cha ngozi. "Anayeogopa amekubali," akasema. Nikamwambia siogopi, nakataa. Akasema kwake hayo ni maneno mawili ya jambo moja.

Basi ataapa Kyalo peke yake. Mwenye kithitu ataitwa kutoka Kitui. Siku imepangwa, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Oktoba.

Niliondoka nimeinua kichwa.

Jumapili, 23 Septemba

Kanisa lote limejua. Akina mama wamenishika mkono mmoja mmoja. Pasta ameniombea mbele. Nilijisikia mkubwa sana. Namwandikia nani uongo hapa? Nilipenda.

Mzee Daudi, mzee wa kanisa, alinifuata mpaka kwenye mti ambapo watu hufunga punda. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele. "Kamene, wewe ndio unasema ukweli. Mwenye ukweli kithitu haimfanyi kitu. Si uape tu, uchukue shamba, halafu urudi utubu? Mungu anajua mambo ya mashamba." Huyu ndiye hushika meza ya Bwana kila mwezi. Lakini nimerudi nyumbani nikiyageuza maneno yake, na sikuyatupa haraka kama nilivyopaswa.

Jumanne, 25 Septemba

Sitaapa. Nimekata shauri. Nilipotoka majini siku ile nilisema sina bwana mwingine. Kama ni mtego wa kujaribu kama nilimaanisha, basi nilimaanisha.

Darasani, kijana mmoja ameuliza mtu afanye nini akiwa na haki na hana shahidi. Nimemwambia Mungu ni shahidi. Akauliza kama Mungu atakuja kwa wapimaji. Darasa likacheka. Mimi pia.

Jumapili, 30 Septemba

Muthama amekuja kutoka Sultan Hamud, ambako anatengeneza baiskeli. Mtu alimpelekea habari. Hata hakukaa. "Mama, hao watu wanakula shamba ya baba na wewe unaimba? Mimi nikioa nitajenga wapi, juu ya hayo mawe?" Amesema ataapa yeye badala yangu, kwa sababu yeye si mtu wa kanisa sana.

Nimemwambia akipiga kile kitu asiingie tena nyumbani kwangu. Sijawahi kumwambia hivyo. Alikula muthokoi bila kuniangalia, akaondoka na gari la kwanza.

Ni mtoto wangu wa pekee na ana haki ya kukasirika.

Jumatano, 3 Oktoba

Mwethya kwa Ndinda. Kazi kidogo, maneno mengi. Wanawake wanasema Kyalo amekonda. Wanasema wale watu wa Kitui wana kithitu kikali kuliko vyote. Wanza akasema, "Mama Muthama, wewe ngoja tu. Bonde itarudi yenyewe." Wengine waliguna. Nilijua maana yake: Kyalo na nyumba yake watakufa, na shamba litabaki bila mtu.

Nilichimba kwa nguvu kushinda siku zote. Nilikuwa na furaha. Naiandika kama ilivyokuwa.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nimeshtuka leo katikati ya maombi.

Nilikuwa naomba siku ya kiapo isiahirishwe. Naomba mvua isije mapema ikazuia gari la Kitui. Nikajisikia. Mimi, ambaye nimekataa kithitu mbele ya ukoo wote, naomba kwa Mungu kithitu kifike salama. Nilikuwa tayari nimeanza kuwahesabu walio nyumbani kwa Kyalo. Kyalo. Mbithe mke wake. Wana wawili, wake zao. Mjukuu, msichana mdogo anayeanza kusimama. Nilimpita huyo mtoto nikaendelea kuhesabu.

Nimeacha kuomba. Nimekaa tu.

Sikukataa kiapo, nilimwachia Kyalo aape kwa niaba ya hasira yangu. Nguo safi ni zangu na damu ni ya kwao. Halafu kanisa linanishika mkono.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimejaribu kumwombea Kyalo. Ulimi umekataa. Nimesema jina lake, nikasema mbuzi wake, nikaanza kukasirika upya. Nikajaribu tena kwa kumwombea mke wake. Hiyo ilitoka kidogo.

Sikwenda mbele kuimba. Nimemwambia Pasta Musyoka alikuwa sawa kuhusu kutaja na kuombea. Hakujisifu. Aliniuliza nataka nini kutoka kwa Mungu. Nikasema bonde. Akauliza, kama Mungu anataka kingine? Nikasema basi na aseme. Pasta akasema labda amesema na mimi nimeziba masikio kwa nduma. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa nimeudhika.

Jumatatu, 8 Oktoba

Mbithe amekuja. Hatujasalimiana tangu mkonge upandwe. Alijifanya anaomba chumvi. Nilimpa. Hakuondoka.

Akalia. Anasema Kyalo halali, hali. Anasema kila mtu nyumbani anajua mpaka ni upi. Kyalo alianza kwa sababu wanawe wawili wameoa na shamba halitoshi, akafikiri mimi nitanyamaza kwa kuwa ni mjane na ni mtu wa kanisa. Hakufikiri nitakwenda kwa ukoo. Sasa amesema mbele ya wanaume wote na hawezi kurudisha mdomo.

Nimemuuliza kwa nini asikatae kuapa. "Atakuwa mwongo mpaka watoto ya watoto. Afadhali afe, anasema." Akashika shuka yake. "Mama Muthama, mtoto wa nyumba ya kiapo akishikwa hata na homa kidogo, nani atamgusa? Nani atambeba hospitali? Watasema ni kithitu, sindano itamaliza yeye haraka. Jirani hata maji hataleta."

Ni kweli. Ile nyumba ya Kitui watoto walikufa na mlango umefungwa. Labda ilikuwa surua tu. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Sikumwahidi Mbithe kitu. Alisahau chumvi.

Jumanne, 9 Oktoba

Kuna njia moja ya kumzuia Kyalo asiape, na iko kwangu. Nikiacha madai, hakuna kesi. Bila kesi hakuna kiapo.

Lakini anayeacha madai siku ya kithitu huitwa mwongo. Hiyo ni sheria ya ukoo, haina maelezo. Nitapoteza bonde na jina pia. Na mimi ndiye niliyesema kweli.

Hapana, Bwana. Chukua kingine. Nitafunga wiki nzima. Nitatoa ng'ombe. Hilo hapana.

Darasa nimelifupisha. Niliwaambia kichwa kinauma. Hakikuwa kinauma.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimeshuka bondeni asubuhi nikakaa kwenye ukuta wa kisima. Ndizi ziko karibu kukomaa. Nzioka aliupanda mgomba ule wa kwanza siku Muthama alipoota jino. Nimegombana na Mungu kwa sauti. Kama mtu alipita njiani alifikiri nimepata kichaa.

Nilimwambia yote. Kwamba si haki. Kwamba Kyalo atacheka. Kwamba Muthama hatanisamehe. Kwamba nimemtumikia tangu nikiwa msichana na sijawahi kumwomba kitu kikubwa.

Hakuna sauti iliyonijibu. Nilibaki na mtoto yule anayeanza kusimama. Kila nilipofunga macho alikuwa pale, ameshika ukuta.

Nimefundisha watu miaka mingi kwamba mfuasi huacha vyote. Sijawahi kuacha kitu nilichokuwa bado nakitaka. Nilivyoviacha vyote nilikuwa nimeshavichoka.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimeamua. Naandika haraka kabla sijabadilika.

Kyalo asiape. Bonde liende. Siyo kwa sababu naogopa kile kitu. Siogopi. Ni kwa sababu wao wanakiogopa, na hofu peke yake inatosha kuua mtoto. Na kwa sababu nilitaka wafe. Dawa ya kutaka wafe ni kulipa ili waishi. Sijui nyingine.

Nimemtuma mtu Sultan Hamud amwambie Muthama. Afadhali asikie kwangu kuliko barabarani.

Nimelia kidogo. Nimepika. Nimekula yote.

Jumamosi, 13 Oktoba

Watu walijaa kwenye mlima mzima kama siku ya soko Kikima, ila kimya. Mwenye kithitu alikuwa mzee mwembamba wa Kitui mwenye koti la mvua na hakuna mvua. Furushi lake aliliweka kwenye mtaro wenyewe. Watu wote walihamia upande ule upepo unakotoka. Kyalo alisimama peke yake. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Wanawe walisimama mbali na wake zao, na Mbithe sikumwona.

Mzee Nthenge aliuliza mara ya mwisho kama kuna neno.

Nilitoka. Nilisema: "Naacha madai. Bonde lichukueni. Kyalo asiape."

Kelele zikaanza. Mzee Nthenge akapiga fimbo chini. "Kwa hivyo unakubali ulidanganya ukoo?" Nikasema sikudanganya, mpaka ni pale ulipokuwa, lakini sitaki shemeji yangu aape. Akasema huwezi kushika huku na huku, ama ulidanganya ama unadai. Nikasema sidai. "Basi umejisemea mwenyewe," akasema, na wazee wakaitikia.

Nilimwangalia Kyalo. Alikuwa ameangalia miguu yake. Hakusema kitu. Sikumfanyia hayo ili aseme.

Yule mzee wa Kitui hakutaka kuondoka mikono mitupu. Kithitu kikishatoka nyumbani lazima kipewe mbuzi, na aliyekisimamisha ndiye anayetoa. Basi mbuzi alikuwa wangu. Nilimchagua yule jike mkorofi anayekula nguo. Wameondoka naye akilia.

Nimerudi nyumbani. Nimelala mchana, kitu ambacho sifanyi.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimekwenda kanisani. Wachache wamenishika mkono. Wengine walikuwa na haraka. Wanza alipita upande mwingine wa barabara. Anafikiri nilimdanganya yeye pia, na kwamba alinipigania bure.

Mzee Daudi ameomba baraza la kanisa. Anasema watu wanauliza kama mwalimu wa ubatizo ni mwongo, na ingefaa nipumzike kufundisha mpaka maneno yapoe. Huyo huyo aliyeniambia niape. Nilimwangalia usoni mpaka akafungua kitabu cha nyimbo bila wimbo kutangazwa. Ningeweza kusema. Pasta nilishamweleza maneno ya Daudi, alijua ningeweza kusema. Nimenyamaza, na kunyamaza kumenichoma kuliko kutoa bonde.

Wamekubaliana nipumzike.

Nzuri. Nitapumzika. Lakini viti vya darasa nitaendelea kuvipanga kila Jumanne, hiyo hawakunikataza.

Alhamisi, 18 Oktoba

Muthama amefika, amekaa kwenye kiti cha baba yake, amesema neno moja: "Kwa nini?" Nimemweleza yote, hata mambo ya kuhesabu watu. Sikutaka ajue hayo ya kuhesabu. Alisikiliza. Alisema mimi ni mama yake na hawezi kunitukana, kwa hivyo anaondoka. Akaenda. Mlangoni alinipa sukari na majani ya chai aliyokuwa ameninunulia.

Najutia? Leo ndiyo. Ningerudia? Ndiyo pia.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mwethya kwangu. Nilifikiri hawatakuja. Wamekuja wachache, halafu wengine, na mwisho kabisa Wanza, bila salamu, na jembe lake. Tumeanza mtaro mpya huku juu kwenye mawe. Nimewaambia hapa tutatoa shamba, tupende tusipende. Mawe tumeyapanga ukingoni. Wanza amefanya kazi karibu nami siku nzima na hakusema kitu. Akiondoka akasema huu udongo si mbaya sana ukipata samadi. Ninayo samadi.

Maji nateka mtoni sasa, mzunguko wa mbali, maana njia fupi inapita kwa Kyalo. Mgongo unauma. Asubuhi namwombea Kyalo kwanza, kabla sijainua debe, maana nikiwa nimelibeba siwezi. Si tamu. Naomba kama mtu anayemeza kwinini. Lakini nameza.

Alhamisi, 8 Novemba

Wapimaji wamefika na minyororo yao. Kijana mmoja mwenye kofia aliniuliza kama nakubali mpaka. Nikasema naukubali. Akaniuliza tena, nafikiri aliona uso wangu. Nikasema andika.

Kyalo alishika upande wa pili wa mnyororo. Walipomaliza aliondoka haraka kama mtu aliyeitwa.

Mvua imeanza jioni. Mtaro mpya umeshika maji. Haukubomoka hata mahali pamoja. Nilisimama kwenye mvua nikiuangalia mpaka nikalowa, na nilifurahi, furaha safi ambayo haikuwa juu ya mtu yeyote.

Jumanne, 27 Novemba

Pasta amenirudisha darasani. Hakueleza watu sababu, na sikumwomba. Wanafunzi wawili wameacha. Yule kijana wa maswali amebaki. Ameniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, ulidanganya?" Nimesema hapana. Akauliza, basi kwa nini ulitoa? Nimewaambia wafunge vitabu, nikawaeleza tangu mkonge mpaka mbuzi. Nimewaeleza na furaha ya ile siku kwa Ndinda, ili wasifikiri mimi ni malaika. Sijawahi kufundisha vibaya namna hiyo, bila mpango, nikirudi nyuma na mbele. Hakuna aliyepiga miayo.

Jumatano, 5 Desemba

Surua imeingia kijijini. Leo mchana Mbithe amepiga kelele kutoka bondeni akiita jina langu. Niliacha kunde nilizokuwa napalilia, nikakimbia.

Mjukuu wao. Macho yamefungwa, kifua kinapanda na kushuka, mwili moto. Mama yake anatetemeka tu. Kyalo yuko mlangoni na hajui aingie au atoke. Niliwaambia hospitali, sasa. Nilimfunga mtoto mgongoni kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mgongo tayari, nimebeba maji yote hayo. Wanaume walituongoza njia ya mkato. Wanza alitoka kwake na shuka kavu. Mke wa Mzee Nthenge akatupa maziwa kwenye chupa. Jirani mwingine akakimbia mbele kutafuta gari barabarani. Kila mlango tuliopita, mtu alitoka.

Nilipokuwa napanda mlima ndipo nilipoelewa, nikataka kukaa chini, lakini hapakuwa na nafasi ya kukaa. Kama Kyalo angeapa, milango hiyo yote ingefungwa leo. Mbithe angepiga kelele peke yake. Na mimi ningekuwa juu kwenye kunde zangu, nasikiliza, na ningesema: imeanza.

Ningesema hivyo. Najijua.

Alhamisi, 6 Desemba

Nimelala sakafuni hospitalini pamoja na Mbithe na mama mtoto. Mtoto amepewa dawa na maji ya mshipa. Daktari alisema kwa ukali kwamba tungechelewa hata kidogo tungempoteza. Alfajiri ameomba uji. Jina lake ni Mwende. Tangu mkonge upandwe sikulitaja, nilikuwa namwita yule mtoto.

Kyalo alikuja na chai kwenye birika. Alimmiminia mkewe, akamimina na changu. Akasimama. "Mama Muthama." Halafu akashindwa kuendelea. Nikamwambia chai ni nzuri. Akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Jumapili, 16 Desemba

Mwende amerudi nyumbani tangu Ijumaa. Amekonda lakini anadai chakula. Bonde bado ni la Kyalo, limeandikwa, na amevuna ndizi za Nzioka. Nimeziona zikipita kwenye punda kwenda soko. Iliniuma kidogo, halafu ikapita.

Muthama ametuma neno kwamba atakuja Krismasi. Hakusema kwa muda gani.

Kunde za juu zimetoa maua. Mvua imepungua leo, kuna ukungu. Nimeomba asubuhi kama kawaida: Kyalo, Mbithe, mtoto, Muthama, darasa, Mzee Daudi. Nilikuwa tayari nimefika mtoni na debe limejaa ndipo nikakumbuka kwamba sikuliomba bonde. Wala jana. Nimejitwika maji, nikapanda.